"Machini": Jiwe, Chaki na Kompyuta katika Filamu Fupi ya Lubumbashi

1.0 Utangulizi

Uhakiki wa kazi za sanaa katika lugha ya Kiswahili umejishughulisha zaidi na riwaya, tamthilia na ushairi. Fasihi simulizi nayo imepata nafasi yake, ingawa baadaye. Filamu hutajwa kwa nadra, na filamu za michoro inayotembea hudhaniwa kuwa burudani ya watoto, zisizohitaji jicho la mhakiki. Makala haya yanakusudia kuchunguza kazi moja ya aina hiyo, yaani filamu fupi iitwayo Machini, iliyotolewa mwaka 2019 na wasanii wawili wa Lubumbashi, Frank Mukunday na Tetshim. Filamu hiyo ya takriban dakika 10 imeonyeshwa katika matamasha ya nchi nyingi na kutuzwa.

Swali linaloongoza uchunguzi huu ni jepesi kuuliza lakini si jepesi kujibu. Katika zama ambapo kompyuta inaweza kuumba mtu, mnyama au mji mzima bila mkono wa mtu kugusa kitu chochote cha kweli, kwa nini wasanii wa mji wa Lubumbashi wasogeze mawe kwa vidole, moja baada ya jingine? Jibu linalotolewa haraka ni umaskini wa vifaa. Hoja ya makala haya ni kwamba jibu hilo halitoshi. Katika Machini, fani ndiyo inayobeba maudhui: jiwe ni nyenzo ya kazi na papo hapo ni jambo linalozungumzwa.

Kabla ya kuendelea, yafaa istilahi moja ielezwe. Neno "uhuishaji" linatokana na kitenzi huisha, yaani kukifanya kitu kiwe hai. Kwa upande wa filamu, kuhuisha ni kukipiga picha kitu kisichotembea mara nyingi, kwa kukibadilisha kidogo kila mara, ili picha hizo zikifuatana upesi mbele ya macho kitu hicho kionekane kinatembea chenyewe. Neno hili linafaa kuliko "katuni", kwani katuni ni mchoro tu, na si kila kinachohuishwa huwa kimechorwa.

2.0 Mahali pa Machini katika historia ya uhuishaji

Kazi hii haikuzuka jangwani. Nchini Kongo kwenyewe, Jean-Michel Kibushi Ndjate Wooto, aliyezaliwa mwaka 1957, alianzisha studio yake, Malembe Maa, mwaka 1988. Mwaka 1991 alitoa Le crapaud chez ses beaux-parents, iliyojengwa juu ya ngano ya Watetela kuhusu chura aliyekwenda kuwatembelea wakwe zake. Mwaka uliofuata alitoa Kinshasa, septembre noir, ambamo michoro ya watoto ilitumiwa kusimulia uporaji uliotokea mjini Kinshasa mwaka 1991. Tangu mwanzo, basi, uhuishaji wa Kongo haukujifunga kwa mambo ya kuchekesha. Ulichukua jambo zito lililowapata watu, ukalisimulia kwa nyenzo iliyokuwa karibu na watu hao.

Upande wa pili uko uhuishaji wa kompyuta. Filamu ya Tin Toy, iliyotengenezwa na John Lasseter katika studio ya Pixar mwaka 1988, ilipata tuzo ya Oscar mwaka 1989, ikawa filamu ya kwanza iliyohuishwa kwa kompyuta kupata heshima hiyo. Kisa chake ni cha mwanasesere wa bati anayemkimbia mtoto mchanga. Mwanasesere alitoka vizuri, kwa kuwa bati ni kitu kigumu, laini juu, chenye kung'aa, na kompyuta za wakati ule ziliweza kukiiga. Mtoto aliwatoa jasho watengenezaji, na watazamaji wengi hadi leo humwona kuwa na sura ya kutisha. Kompyuta ilikuwa imemudu bati kabla ya kuumudu mwili wa mtu.

Afrika ya Mashariki nayo imeingia katika njia hiyo. Mjini Kampala, Raymond Malinga na wenzake wa Creatures Animation Studio walitoa A Kalabanda Ate My Homework mwaka 2017, filamu fupi iliyohuishwa kwa kompyuta, wakimtumia kalabanda, zimwi linalosimuliwa katika shule za bweni za Uganda. Malinga huyo huyo aliongoza filamu ya Herderboy katika mkusanyo wa mwaka 2023 uliopewa jina la Kiswahili, Kizazi Moto. Mfano huu watosha kuonyesha kwamba Mwafrika anayehuisha kwa mkono leo hafanyi hivyo kwa kuwa njia nyingine haijulikani katika sehemu hizi. Amechagua, na uchaguzi ni jambo linalohakikiwa.

3.0 Fani

3.1 Kazi ya mkono

Mukunday na Tetshim walijifunza kazi hii wenyewe. Kikundi chao walikiita Crayon de cuivre, yaani "penseli ya shaba", jina linalounganisha tayari mchoro na madini. Katika Machini nyenzo zao kuu ni mawe madogo na chaki.

Msomaji asiyeijua kazi hii na akadirie ukubwa wake kwa hesabu. Filamu ya kawaida huonyesha picha 24 kwa kila sekunde. Dakika 10 ni sekunde 600, na kwa hiyo picha 14,400. Hata kama kila mkao wa jiwe utapigwa picha moja na kuonyeshwa mara mbili, kama wafanyavyo wahuishaji wengi ili kupunguza kazi, bado yatakuwapo mabadiliko 7,200. Kila badiliko lina maana kwamba mkono umeingia chini ya kamera, umesogeza, umetoka, na picha imepigwa. Taa ikitikisika, au meza ikiguswa, kazi ya siku nzima yaweza kuharibika.

Jiwe lina ugumu wake wa pekee. Udongo wa kufinyanga hukubali kukunjwa. Karatasi hukubali kukatwa. Jiwe halikunjiki wala halipanuki. Mtu aliyeundwa kwa mawe hawezi kuinua mkono kwa ulaini, bali mawe ya mkono wake yapaswa kupangwa upya. Kwa hiyo mwendo wa wahusika hawa una mkatiko fulani, kana kwamba kila hatua inadaiwa kwanza kisha ndipo inalipwa. Mtazamaji aliyezoea ulaini wa filamu za kompyuta aweza kuuita mkatiko huo upungufu. Lakini mtu anayebeba gunia la madini hatembei kwa ulaini. Uzito wa nyenzo umekuwa uzito wa mhusika, na jambo hilo msanii hakulazimika kuliongeza. Lilikuwamo katika jiwe.

3.2 Chaki na alama yake

Chaki ni kinyume cha jiwe. Ni nyepesi, hufutika, na ikifutwa huacha vumbi na kivuli cha mstari uliokuwapo. Mhuishaji anayetumia chaki hufuta mstari wa jana ili achore wa leo, na mabaki ya mstari wa jana hubaki yakionekana. Katika filamu inayohusu mji wa viwanda tabia hii ya chaki si jambo dogo. Moshi na vumbi haviwi mapambo ya mandhari tu, kwani chaki yenyewe ni vumbi. Kilichopita hakiondoki kabisa, na mchoro mpya huja juu ya uchafu wa mchoro wa zamani. Yeyote aliyeishi karibu na lundo kubwa la mabaki ya shaba la Lubumbashi anaielewa hali hiyo bila kufafanuliwa.

Aidha, chaki ni kifaa cha shule. Kila mtoto wa Katanga ameiona ubaoni kabla ya kuiona kompyuta. Kuitumia kusimulia habari ya mgodi ni kumrudisha mtazamaji katika somo, lakini safari hii somo ambalo halimo katika vitabu vya darasani.

3.3 Nafasi ya kompyuta

Lingekuwa kosa kusema kwamba filamu kama hii haihitaji kompyuta. Wahuishaji wa mawe siku hizi huunganisha kamera na kompyuta ili waone picha iliyotangulia kwa ufifi juu ya ile inayoandaliwa, na hivyo wajue jiwe limesogea kiasi gani. Kompyuta hupanga picha, huunganisha sauti, na husaidia kusafisha dosari. Tofauti iko kwingine. Katika filamu kama Tin Toy, mhuishaji huweka mikao mikuu, na mashine huikokotoa mikao ya katikati. Kisha mashine hupiga hesabu ya mwanga na kivuli kwa kila picha. Katika uhuishaji wa mawe, mikao ya katikati haikokotolewi na yeyote. Kila moja imefanywa.

Hapa ndipo fani inapogusana na maudhui kwa namna ambayo mhakiki hawezi kuipuuza. Kompyuta yenyewe imetoka ardhini. Nyaya zake ni za shaba. Bati hutumika kuunganishia vipande vyake, na bati hupatikana katika kasiteriti, jiwe linalochimbwa katika eneo la Mitwaba, kaskazini mwa Haut-Katanga. Betri za kompyuta za mkononi na za simu huhitaji kobalti, ambayo zaidi ya theluthi mbili ya ile inayochimbwa duniani katika miaka ya karibuni imetoka Kongo. Kwa hiyo picha ya jiwe la Katanga inapopita katika kompyuta, jiwe linakutana na jamaa yake aliyesafiri akarudi na sura nyingine. Wasanii wa Lubumbashi wameligeuza agizo la kawaida. Kwa kawaida jiwe huondoka kimya na kurudi likiwa mashine ya bei kubwa. Hapa mashine imelazimishwa kumwangalia jiwe.

4.0 Jina la filamu

Jina Machini linastahili kuchunguzwa na wanaisimu, kwani ndilo neno la kwanza la Kiswahili linalomfikia mtazamaji, naye akiwa Brussels au Durban huenda hajui kwamba ni Kiswahili.

Msomaji wa Dar es Salaam au Mombasa akikutana na maandishi hayo atasoma ch kama katika "chai". Atakuwa amekosea. Herufi hizo zimefuata tahajia ya Kifaransa, ambamo ch hutamkwa kama sh ya Kiswahili sanifu. Neno ni "mashini", kutoka Kifaransa machine. Kiswahili sanifu kina "mashine". Tofauti ya irabu ya mwisho ni ndogo, lakini inaeleza njia mbili za ukopaji. Katika umbo sanifu, huenda e ya mwisho inakumbusha neno lilivyoandikwa. Katika umbo la Lubumbashi, irabu ya mwisho inafuata ile ya silabi iliyotangulia, kama lifanyavyo sikio la msemaji wa Kibantu linapopokea neno lililokatikia konsonanti. Kwa ufupi, "machini" ni neno lililosikiwa kazini na kuandikwa kwa herufi zilizofundishwa shuleni, na shule hiyo ilikuwa ya Kifaransa.

Uandishi wa namna hii una historia. Mwaka 1965 André Yav aliandika historia ya mji wa Élisabethville, jina la kale la Lubumbashi, kwa niaba ya chama cha watumishi wa nyumbani, katika Kiswahili cha mjini humo na kwa tahajia isiyotawaliwa na kanuni za shule. Johannes Fabian alichapisha na kuchambua maandishi hayo mwaka 1990. Atakayeyasoma ataona kwamba tahajia isiyo sanifu haikumzuia mwandishi kutoa ushahidi. Pengine ingekuwa vigumu zaidi kuutoa kwa lugha ya vitabu. Jina la filamu ya Mukunday na Tetshim limo katika ukoo huo. Kulisahihisha liwe Mashine kungekuwa kuliondoa mahali pake.

Hali kadhalika, jina hili halionyeshi umoja wala wingi. Yaweza kuwa mashine moja, yaweza kuwa mashine zote. Katika mji wa Lubumbashi utata huo ni wa kweli: mkazi wake huziona mashine nyingi, lakini huishi chini ya moja.

5.0 Maudhui

Dhamira kuu ya filamu ni gharama ya uchimbaji na uyeyushaji wa madini kwa watu na mazingira yao. Ili dhamira hiyo ieleweke, mambo machache ya historia yakumbukwe. Kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga iliundwa mwaka 1906. Mji ulianzishwa mwaka 1910, na kiwanda cha kuyeyushia shaba kikaanza kazi mwaka 1911. Mwaka 1967 serikali ilitaifisha mali za kampuni hiyo, na mrithi wake akaja kujulikana kama Gécamines. Katikati ya miaka ya 1980 uzalishaji ulizidi tani 400,000 za shaba kwa mwaka. Kufikia mwaka 1994 ulikuwa chini ya tani 50,000. Mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliondolewa kazini kwa kile kilichoitwa kuondoka kwa hiari. Tangu Sheria ya Madini ya mwaka 2002, makampuni mengi mapya yameingia, na pembeni yake maelfu ya wachimbaji wa mikono. Jimbo lenyewe liliwahi kuitwa Shaba, kati ya mwaka 1971 na 1997, kana kwamba nchi na madini yake ni kitu kimoja.

Katika muktadha huo, uamuzi wa kuunda watu kwa mawe unazidi sitiari. Mwaka 2009 watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wa Leuven walichapisha uchunguzi ulioonyesha kiwango kikubwa cha kobalti katika mkojo wa watu wanaoishi karibu na migodi na viwanda vya kuyeyushia, na kiwango kikubwa zaidi kwa watoto. Mwaka 2020 ulichapishwa uchunguzi mwingine mjini Lubumbashi uliohusisha kazi ya baba katika migodi na hatari ya mtoto kuzaliwa na kasoro za mwili. Jiwe limeingia mwilini. Mtazamaji anapoona mwili wa mtu uliopangwa kwa vijiwe, anaona jambo ambalo maabara imelisema kwa tarakimu. Sayansi imepima, na sanaa imeonyesha. Wala moja haichukui nafasi ya nyingine.

Kuna namna moja ya kuisoma filamu hii ambayo makala haya yanaikataa. Ni ile inayosema kwamba hapo kale palikuwa na mji mtulivu, kisha mashine ikaja kuuvuruga. Usomaji huo unapendeza matamasha ya ng'ambo, lakini hauafikiani na historia. Lubumbashi haikuwa na utulivu wa kabla ya mashine, kwa kuwa mji ulizaliwa na mashine. Zaidi ya hayo, ufundi wa shaba Katanga ni wa kale kuliko kampuni yoyote. Mafundi waliyeyusha mukuba na kuufanya misalaba midogo iliyotumika kama fedha katika nchi nyingi za jirani. Jiwe halikuanza kuwa adui siku mzungu alipowasili. Kilichobadilika ni nani anayeliamuru jiwe, na linapoondoka linamwachia nini aliyelichimba. Ikisomwa hivyo, Machini haiwi maombolezo ya kutaka kurudi nyuma. Inakuwa swali kuhusu mamlaka, na mkono unaosogeza jiwe chini ya kamera ni sehemu ya jibu: kwa muda wa dakika 10, mwenye mji ndiye anayeamua jiwe liende wapi.

6.0 Upungufu

Kazi njema haidhuriki kwa kuambiwa mipaka yake. Kwanza, ufupi wa filamu na ugumu wa nyenzo vinawafanya wahusika wawe vielelezo zaidi ya kuwa watu. Mtazamaji anaona hali ya wengi. Hapati mmoja wa kumfuata, mwenye hofu na hila zake. Ukumbi wa maigizo wa Lubumbashi, hasa michezo ya kikundi cha Mufwankolo, ulijua kumweka mbele ya hadhira mfanyakazi mmoja, mwongo kidogo na mwerevu kidogo, ambaye kila mtu alimtambua kuwa jirani yake. Ucheshi huo wa Kikatanga ungelifaa jiwe pia.

Pili, kuna suala la njia ambayo kazi yenyewe imepitia. Filamu ilitayarishwa na Twenty Nine Studio & Production, yenye makao Brussels, mji ule ule ambamo Union Minière ilikuwa na makao yake. Hili si lawama kwa watayarishaji, ambao bila wao kazi huenda isingekamilika. Wala si kweli kwamba Lubumbashi haina asasi zake: kituo cha Picha, chenye jina la Kiswahili, kimekuwa kikiandaa maonyesho makubwa ya sanaa mjini humo tangu mwaka 2008. Hata hivyo, mfanano wa njia ya filamu na njia ya shaba unauma. Mawe yalisafiri kwenda ng'ambo ili yapate thamani, na filamu inayoyahusu imelazimika kusafiri vivyo hivyo ili ipate tuzo. Deni linalobaki ni la wasomi na walimu wa nyumbani. Kazi inayotazamwa Ulaya na isiyofundishwa Lubumbashi, Lusaka wala Dar es Salaam imesafirishwa ikiwa ghafi.

7.0 Hitimisho

Makala haya yamejaribu kuonyesha kwamba uchaguzi wa mawe na chaki katika Machini hauelezeki kwa umaskini wa vifaa pekee, na kwamba fani ya filamu hiyo ndiyo hoja yake. Yameonyesha pia kuwa jina lake lina mengi ya kumwambia mwanaisimu kuhusu Kiswahili cha Katanga, lugha ambayo imekuwa ikiitwa mbovu na watu wasioijua, ilhali ndiyo iliyobeba kumbukumbu za mji wa wafanyakazi kwa zaidi ya karne moja.

Idara za Kiswahili zina mambo mawili ya kufanya. La kwanza ni kuiingiza filamu ya aina hii katika orodha ya kazi zinazohakikiwa, kando ya riwaya na tamthilia, na kuijadili kwa vigezo vyake. La pili ni kukusanya, mapema, istilahi ambazo wahuishaji wa Lubumbashi, Kampala, Nairobi na kwingineko wanazitumia wanapofanya kazi, kabla hazijafunikwa na zile zinazobuniwa mezani. Wahuishaji wamekwisha kuyasogeza mawe. Kazi ya kuyasoma ni ya wahakiki.